Soko la Rumonge: ndagala, mawese na biashara ya kale ya Ziwa Tanganyika

Mji wa Rumonge umejengwa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kilomita zipatazo 75 kusini mwa Bujumbura, katika uwanda wa Imbo uliobanwa kati ya maji na milima. Msafiri anayeufikia kwa barabara ya taifa nambari 3 huutambua kabla hajasoma kibao chochote: upande mmoja hunuka ndagala walioanikwa, na upande mwingine, kando ya njia, mabidoni ya mafuta mekundu ya mawese yamepangwa yakimsubiri mnunuzi. Mwaka 2015 Rumonge iliwekwa kuwa makao makuu ya mkoa wenye jina hilo hilo. Kwa mgawanyo mpya wa nchi katika mikoa mitano, ulioanza kutumika mwaka 2025, mji huo umo katika mkoa wa Burunga. Mipaka ya utawala imebadilika, lakini vitu viwili vinavyoulisha mji havikubadilika, navyo ni samaki na mawese.

Wasikilizaji wetu wengi wana jamaa katika mji huu, au wamepita hapo wakielekea Nyanza-Lac, Kigoma au Baraka. Makala haya yanaeleza chakula kinachouzwa katika soko hilo hutoka wapi, kwa nini bei yake hupanda na kushuka, na biashara hiyo ina umri gani.

Biashara iliyotangulia majengo

Soko la kale si lazima liwe na kuta za kale. Mjini Palermo, katika kisiwa cha Sisilia nchini Italia, liko soko la vyakula liitwalo Ballarò ambalo watu wa huko hulihesabia umri wa miaka ipatayo elfu moja, na hata leo bidhaa zake hupangwa juu ya mbao chini ya maturubai, kama zinavyopangwa kwetu. Mwanajiografia Ibn Hawqal wa Baghdad aliuzuru mji huo mwaka 973, ulipokuwa chini ya utawala wa Waislamu, akayaeleza masoko yake moja baada ya jingine. Hakuwapenda sana wenyeji, akadai kwamba akili zao ziliharibiwa na kula vitunguu vibichi kupita kiasi. Neno la Kiarabu alilolitumia kuyataja masoko hayo ndilo lililotupa sisi neno «soko», nalo Kirundi kikalichukua na kuliita «isoko». Huko Sisilia lugha ya wafanyabiashara hao ilitoweka, yakabaki majina ya mitaa na ya vyakula. Ufukweni mwa Tanganyika mambo yalikwenda kinyume: majengo ya zamani ni machache mno, lakini lugha ya soko ingali hai vinywani mwa watu.

Ushahidi wa kwanza ulioandikwa kuhusu biashara hii unapatikana Ujiji, upande wa Tanzania ya leo, kwa sababu huko ndiko misafara kutoka Zanzibar na Bagamoyo ilikokomea. Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858 wakakuta soko la kila siku lenye samaki, nafaka, ndizi na mafuta. Henry Morton Stanley, aliyemkuta David Livingstone hapo mwaka 1871, aliorodhesha wachuuzi kwa nchi zao. Chumvi ililetwa na watu wa Uvinza na wa Buha, pembe za ndovu zilitoka Uvira, mitumbwi ilitoka Ugoma na Urundi. Wauzaji wa mafuta ya mawese, kwa maelezo yake, walikuwa hasa watu wa Ujiji na wa Urundi, waliokuja na vyungu vikubwa vya udongo vilivyojaa mafuta mekundu, mazito kama siagi. Malipo yalifanywa kwa shanga ziitwazo sofi, ambazo Stanley alizifananisha na vipande vya kiko cha udongo kilichovunjika.

Maelezo hayo yana uzito kuliko yanavyoonekana. Husemwa mara nyingi kwamba mchikichi uliletwa Imbo na wakoloni wa Kibelgiji. Wabelgiji waliingia Burundi mwaka 1916, na Wajerumani walianzisha kituo chao cha Usumbura mwaka 1897. Ilhali kufikia mwaka 1871 mafuta ya Urundi yalikwisha kufika Ujiji kwa vyungu. Walicholeta wakoloni na serikali zilizofuata ni mashamba makubwa, mbegu zilizochaguliwa na viwanda. Mti wenyewe, na ustadi wa kuukamua, vilikuwapo.

Mwezi Novemba wa mwaka huo huo wa 1871, Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi kuelekea kaskazini mwa ziwa ili kujua kama mto Rusizi huingia ziwani au hutoka. Wakathibitisha kwamba huingia. Jiwe la Mugere, kusini kidogo mwa Bujumbura, lina tarehe ya tarehe 25 ya mwezi huo, na anayekwenda Rumonge hulipita njiani. Mwaka 1879 Mapadre Weupe walifika Rumonge na kuanzisha kituo chao cha kwanza katika Burundi. Mwezi Mei 1881 watu watatu wa kituo hicho waliuawa, na kituo kikafungwa. Katika miaka hiyo hiyo wafanyabiashara wa Ujiji, mashuhuri zaidi akiwa Muhammad bin Khalfan aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, walijaribu kuutia ufuo huu mikononi mwao, lakini hawakuweza kuupenya ufalme wa Mwezi Gisabo milimani. Biashara yao haikuwa ya mafuta na chumvi tu. Watu nao walinunuliwa na kuuzwa, na historia ya soko isiyotaja jambo hilo ina pengo. Kutokana na mchanganyiko huo wa wavuvi, wapagazi, waungwana, watumwa waliopata uhuru na wenyeji waliosilimu, ndipo ilipozaliwa jamii ya Waswahili wa Rumonge na Nyanza-Lac, dada wa wale wa Buyenzi mjini Bujumbura.

Ndagala na giza la mwezi

Anayetaka kuliona soko likizaliwa hana budi kufika ufukweni kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Uvuvi wa ndagala ni kazi ya usiku. Mitumbwi miwili huunganishwa kwa miti, taa hutundikwa mbele na nyuma, na wavu huteremshwa chini ya mwanga. Samaki wakishakusanyika, wavu huvutwa juu. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na siku hizi taa za betri zimechukua nafasi. Vyombo vikubwa zaidi vya aina hiyo wavuvi wa Burundi waliviita Apolo, jina la vyombo vya Wamarekani vilivyokwenda mwezini. Ni kejeli nzuri, maana mwezi ndio adui wa kazi yenyewe.

Mbalamwezi inapong'aa, taa haina nguvu ya kuwavuta samaki, na wavuvi hubaki nchi kavu kwa siku kadhaa. Kwa hiyo bei ya ndagala hufuata kalenda ya mwezi kuliko kalenda ya ukutani. Mama anayejua kununua hutazama juu kabla hajauliza bei: katika siku za giza atapata ndagala wabichi kwa wingi, na mwezi ukikaribia kuwa mpevu atarudi kwa wakavu aliowaweka akiba. Wachuuzi wa jumla hulijua jambo hilo vizuri zaidi, na hapo ndipo faida yao ilipo.

Jina ndagala, ambalo Kigoma ni dagaa, hukusanya aina mbili za samaki wadogo ambao wataalamu huwaita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Asili yao ni ziwa hili peke yake. Wale wa pili walipandikizwa katika Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, ambako leo huitwa sambaza, na mwaka 1967 na 1968 wakapelekwa katika ziwa la bwawa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, wanakoitwa kapenta. Adui yao majini ni mukeke, Lates stappersii, ambaye ng'ambo ya pili ya mpaka ni mgebuka. Mukeke wa kuchoma, aliyepasuliwa mgongoni, akapakwa chumvi na kutiwa ndimu, ndiye fahari ya meza za Bujumbura. Sangala ni wakubwa zaidi, nao wamekuwa adimu. Kuhe ni samaki wa heshima ambaye wazee humtaja kwa masikitiko, kama watu wanavyomtaja jirani aliyehama.

Kutoka mtumbwini samaki hupita mikononi mwa wanawake. Wao ndio wanaonunua kwa beseni, wanaoanika, wanaopakia katika magunia na wanaopandisha mzigo hadi masoko ya milimani, Bururi, Matana na hata Gitega. Kwa miaka mingi ndagala walianikwa juu ya mchanga mtupu. Mvua ikinyesha mzigo uliharibika, na hata ukikauka vizuri, mlaji alitafuna mchanga pamoja na chakula. Katika miaka ya 2000 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilifundisha katika fukwe za Burundi matumizi ya vichanja vya wavu vilivyoinuliwa kiasi cha metre moja kutoka ardhini. Hewa hupita juu na chini, samaki hukauka haraka, kuku na mbuzi hawamfikii, na inaponyesha turubai hutosha kumfunika. Ndagala wa kichanja huuzwa ghali kuliko wa mchanga, na mnunuzi humpambanua kwa urahisi: hung'aa kama fedha, hana vumbi, na akivunjwa hutoa mlio.

Faida ya samaki huyu mdogo ni kwamba huliwa mzima, pamoja na mifupa yake, hivyo mtoto hupata protini na madini kwa kiasi kidogo cha faranga. Ndiyo maana upungufu wake si habari ya wavuvi peke yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba kuongezeka kwa joto la maji kumepunguza mchanganyiko wa maji ya juu na ya chini, ambao ndio unaopandisha rutuba. Watafiti walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya ziwani ulishuka kwa takriban asilimia 20, jambo linaloweza kumaanisha upungufu wa samaki wa takriban asilimia 30. Juu ya hayo kuna nyavu za macho madogo na makokoro yanayozoa wachanga, na idadi ya vyombo inayokua kila mwaka.

Ziwa hili ni la nchi nne, na Burundi ina takriban asilimia 8 tu ya eneo lake, kwa hiyo hakuna nchi iwezayo kulilinda peke yake. Mkataba wa kulisimamia kwa pamoja ulitiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyotokana nao ina makao yake Bujumbura. Kwa makubaliano ya nchi hizo, uvuvi ulisitishwa mwaka 2024 kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate kuzaana. Hoja ya wataalamu ni nzito. Lakini hesabu ya nyumbani nayo ni nzito: mvuvi asiye na shamba hukaa miezi mitatu bila kipato, na mama anayeishi kwa faida ya beseni moja kwa siku hana ghala la kumvusha. Kufunga ziwa bila kuwatafutia watu hao kazi ya muda au mkopo mdogo ni kuwaalika warudi majini usiku kwa siri, na hapo samaki hawapumziki wala watu hawashibi.

Mawese, kutoka shina hadi chungu

Palipo na nafasi kidogo kati ya ziwa na mlima, kuna mchikichi. Aina mbili hutajwa sana. Dura, ya zamani, ina kokwa nene na nyama kidogo. Tenera, iliyosambazwa na miradi ya serikali hasa katika miaka ya 1970 na 1980, ina kokwa nyembamba na mafuta mengi. Mwenye shamba huzitambua kwa kisu: huikata chikichi moja katikati na kuutazama unene wa ganda. Anayenunua miche njiani bila kujua ilikotoka hungoja miaka mitatu au minne ndipo apate jibu.

Mkwezi hukata mkungu, na mkungu huachwa siku chache hadi chikichi zilegee na kuanguka zenyewe. Huchemshwa katika mapipa kwa saa kadhaa, kisha hutiwa katika mashine ya kukamulia, ambayo katika sehemu nyingi bado huzungushwa kwa nguvu za vijana wawili au watatu. Kinachotoka ni mchanganyiko wa mafuta, maji na nyuzi. Huchemshwa tena, mafuta hupanda juu, huenguliwa na kuchujwa. Hakuna kinachotupwa. Nyuzi zilizokamuliwa huwa kuni za chemsha inayofuata, na kokwa hukaushwa na kupasuliwa ili kutoa mafuta ya aina nyingine, meupe, yanayotakiwa na watengenezaji wa sabuni.

Wakati wa mavuno mengi bei ya bidoni la lita 20 hushuka, nao wakulima wenye madeni ya shule au ya hospitali hulazimika kuuza wakati huo huo. Mwenye mtaji hununua, hufunga mlango wa ghala, na huuza miezi michache baadaye bei inapopanda. Vyama vya ushirika vinavyowahifadhia wakulima mafuta yao na kuwakopesha sehemu ya thamani yake vinaweza kuipunguza hasara hiyo, ikiwa daftari la chama linasomeka na wanachama wote.

Mnunuzi wa kawaida hutazama mambo matatu. Rangi iwe nyekundu iliyoiva, si ya kahawia. Harufu isiwe kali, kwani ukali ni dalili ya chikichi zilizokaa mno kabla ya kuchemshwa. Na chini ya chupa pasiwe na maji, kwa sababu maji huyaharibu mafuta upesi. Jikoni, mafuta haya ni rafiki wa isombe, yaani kisamvu kilichotwangwa, na wa maharage. Nayo yana kiini cha vitamini A kilicho muhimu kwa macho ya watoto. Wapishi wenye desturi ya kuyaunguza mpaka yageuke meupe, ili harufu yake ipungue, huondoa kiini hicho pamoja na rangi.

Mashamba hayo ya michikichi yana historia nzito pia. Vurugu zilizoanza tarehe 29 Aprili 1972 katika Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji makubwa yaliyofuata nchini kote, viliwafanya watu wengi sana wa ufuo huu kukimbilia Tanzania. Mashamba yao yalitwaliwa au yaligawiwa wengine. Baada ya Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 wakimbizi walianza kurejea kwa wingi, wakakuta miti iliyopandwa na wazazi wao ikivunwa na familia zilizokaa hapo kwa miaka 30. Kesi za ardhi zilizotokana na hali hiyo zimegawanya vitongoji, na bado ziko familia ambazo mkungu mmoja wa chikichi una madai mawili. Pia wengi wa waliorejea walikuwa wamekulia katika Kiswahili, na sokoni sauti yao inasikika.

Maji yaliyoingia mjini

Tangu mwaka 2020 ziwa limepanda kuliko kizazi hiki kilivyozoea kuona, na mwaka 2021 na 2024 maji yaliingia katika makazi ya ufukweni mjini Rumonge, yakafunika nyumba, sehemu za bandari na vituo vya kuanikia samaki. Wazee hukumbuka mafuriko ya miaka ya 1960. Historia inakwenda mbali zaidi: katika karne ya 19 ziwa lilipanda mpaka likabomoa kizuizi cha mto Lukuga, upande wa Kongo, kiasi cha mwaka 1878, ndipo likashuka kwa miaka mingi. Lukuga hadi leo ndio mlango pekee wa maji kutoka. Kwa wachuuzi matokeo ni ya kila siku: ufuo umekuwa mwembamba, vichanja vimesogezwa karibu na nyumba za watu, na kodi ya nafasi iliyo kavu imeongezeka.

Kwa anayezuru

Basi dogo kutoka Bujumbura hupita Kabezi, Gitaza na Minago. Sehemu ya Gitaza iko chini ya miteremko mikali, na mwezi Machi 2015 maporomoko ya udongo yaliua watu na kuifunga barabara, kwa hiyo katika majira ya mvua ni busara kuuliza hali ya njia kabla ya kuondoka. Samaki wabichi hupatikana asubuhi mapema. Mchana kinachobaki ni wakavu, mawese, unga wa muhogo, mchele wa Imbo, ndizi, maembe na lengalenga. Kikapu ni cha lazima, kwani mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kwa amri ya mwaka 2018, na anayetaka mafuta kidogo huja na chupa yake.

Salamu hutangulia bei. Muuzaji mwanamke huitwa mama hata akiwa kijana, mwanamume mtu mzima huitwa mzee, na anayeanza kwa kuuliza «bei gani» bila salamu atajibiwa bei ya mgeni. Kupunguziwa ni desturi katika ndagala wakavu na matunda. Katika samaki aliyetoka majini sasa hivi nafasi ni ndogo, kwa sababu mama aliye nyuma yako tayari ameshika pesa mkononi. Picha hupigwa kwa ruhusa. Siku ya Ijumaa, wakati wa sala ya adhuhuri, wachuuzi Waislamu huziacha meza zao zikitazamwa na majirani, nawe ukihitaji kitu hapo utamngoja mwenyewe. Mwezi wa Ramadhani huihamishia biashara alasiri: tende, uji, sambusa na ndagala wa kukaanga huuzwa kuanzia saa kumi mpaka adhana ya magharibi, na saa hiyo taa za kwanza za wavuvi huwa zimeanza kuonekana ziwani.